Tulikwenda Kutafuta Shule, Tukaishia Mfongoni Mwika

Shoga zangu wa Lusaka, tangu turudi nimewajibu mmoja mmoja kwa simu mpaka sauti imenikauka, na kumbe kila mmoja nimemsimulia kipande tofauti. Zuhura anajua habari za asali, Mama Kelvin anajua za farasi, na jana kuna aliyeniuliza kama ni kweli mwanangu amekamatwa kwa wizi. Ni kweli. Nimeona niandike yote kwa mpangilio wake. Mambo ya viza na fomu muulizeni mume wangu, yeye ndiye anayeyapenda.

Kwa asiyekuwa na habari: Baba Mutale amepata kazi ya miaka mitatu kaskazini mwa Tanzania, ya kukagua maghala ya nafaka. Ofisi imemwambia achague mwenyewe pa kuishi, Arusha au Moshi, na familia yake ije. Mimi ni mtu wa Tanga, kwangu ni kama kurudishwa nyumbani kwa gari la bure. Tatizo ni Mutale. Ana miaka kumi na mitatu na ameshabadilisha shule nne. Baba yake alipokuwa Gaborone kwa miaka miwili, sisi tulibaki Lusaka ili mtoto asihame tena, na baba akawa mtu wa simu. Safari hii alimwahidi kwamba neno la mwisho ni lake: asipopenda shule yoyote kati ya zile mbili, sisi tunabaki na yeye anakwenda peke yake. Niliposikia ahadi hiyo nilikasirika siku mbili nzima. Mutale alikuwa ameshatangaza, hata begi halijafungwa, kwamba atazikataa zote.

Lusaka hadi Tunduma

Basi la kwenda mpakani ni safari ya siku nzima na zaidi, na tulipanda mimi na Mutale tu, baba yake akabaki kazini Lusaka. Mutale alivaa vipokea sauti masikioni tangu Lusaka, akageukia dirisha, na kila nilipomwonyesha kitu alitikisa kichwa kwa adabu. Mimi nilikuwa na furaha ya kutosha watu wawili. Tulipovuka na kusikia Kiswahili kila upande, nilimsalimia kila mtu niliyekutana naye, hadi mwenye mizani ya kupimia mizigo.

Tunduma tuliingia kwenye mgahawa mdogo, na bibi mwenye mgahawa mwenyewe ndiye aliyetuletea wali maharage. Kiswahili cha Mutale ni kile alichookota nikigomba jikoni, lakini siku hiyo alitaka kuonyesha heshima. Akasimama, akainamisha kichwa, akamwambia yule bibi, "Marahaba."

Bibi aliweka sahani chini taratibu. Akamtazama mtoto, akajishika mvi zake, halafu akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama," akasema.

Mgahawa mzima ulicheka, na mimi nikaongoza. Mutale alipoelezwa alichokifanya alitaka ardhi immeze, lakini aliomba wali wa pili. Nikajipa moyo kwamba anayeongeza sahani hajakata tamaa ya nchi.

Mbeya hadi Arusha, na asali ya Kondoa

Tulilala Mbeya, tukapanda basi la alfajiri. Hadi Dodoma mambo yalikwenda vizuri. Mbele ya Kondoa injini ikatoa sauti, basi likasimama, na kondakta akatutangazia kwamba ni jambo la dakika kumi. Tulikaa hapo saa tano.

Dereva alipotoweka na pikipiki kwenda kutafuta mkanda wa injini, abiria tulihamia kivulini na kufanya kikao. Mama mmoja wa Kondoa alikuwa anampelekea bintiye galoni ya asali huko Babati. Aliifungua bila kuombwa, kila mwenye mkate akachovya. Akatuuliza sisi tunakwenda wapi. Nikamweleza: tunalinganisha miji miwili, tuangalie shule za kimataifa za kila mji, kisha tuchague pa kuhamia.

Mzee mmoja mwenye kofia ya Simba alisikiliza yote akitafuna. "Mmetoka Zambia," akasema, "siku tatu barabarani, kumtafutia shule mtoto mmoja?"

"Ndiyo."

"Mimi wangu saba, shule naiona nikiwa kitandani."

Nilikuwa na jibu kali tayari, lakini Mutale aliniuliza mzee amesema nini, na nilipomtafsiria alicheka mpaka asali ikamdondokea kwenye magoti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tutoke Lusaka, kwa hiyo mzee nikamsamehe. Arusha tuliingia tumechoka, tumenata, na tumeahidiwa malazi Babati katika nyumba tatu tofauti.

Arusha: shule ya farasi

Shule ya Arusha siwatajii jina, niiite shule ya farasi, maana farasi wako pale wanapandwa na watoto saa za mchana. Mlinzi wa getini alinitazama kanga yangu akaniuliza nimemleta mtoto wa nani. Nikamwambia nimemleta mtoto wa tumbo langu. Akafungua geti lote, hata upande usiohitajika.

Shoga zangu, sitawadanganya, nilipagawa. Bwawa la kuogelea, maabara inayong'aa, maktaba yenye viti vya kulalia. Kuna mgahawa wa wazazi ambapo mama mmoja wa Denmark na mama mmoja wa Kigali waliniambia kila kitu kuhusu mji: wapi pa kupanga nyumba, daktari gani wa meno, foleni ya asubuhi inaanza saa ngapi. Arusha ina kila kitu, na kwa familia za kigeni kama yetu, ambayo ni ya kigeni kwa upande mmoja tu, mtu hakai peke yake hata wiki.

Msichana wa darasa la nane alipewa kazi ya kumtembeza Mutale. Nilikuwa nyuma yao kidogo, kwa hiyo nilisikia. Walisimama mbele ya ukuta uliojaa alama za viganja vya rangi, kila kimoja na jina.

"Hawa ni akina nani?" Mutale aliuliza.

"Walioondoka. Mtu akihama anapiga kiganja hapa."

"Rafiki yako mkubwa yuko darasani kwenu?"

Msichana alionyesha kiganja cha kijani. "Huyu hapa."

Ofisini tukaambiwa imebaki nafasi moja katika darasa lake na kuna familia nyingine inayoitaka. Alitakiwa kufika Jumatatu saa mbili asubuhi kufanya mtihani wa kupimwa. Akifaulu, nafasi ni yake. Nilitoka pale natembea kwa vidole. Moyoni nilikuwa nimeshapanga nyumba na nimeshaweka mapazia.

Moshi na Shirimatunda

Moshi tulikwenda Ijumaa kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu ya Aikande. Tulisoma naye chuo, tukalala chumba kimoja miaka mitatu, sasa anaishi Shirimatunda pembeni ya mji na mumewe na ng'ombe wawili wa maziwa. Alitupokea na mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, na akatukalisha kabla hatujaweka mabegi. Mutale aliunywa akifikiri ni uji wa ngano. Alipokuta mfupa ndani akanitazama kama nimemfanyia hila.

Mji wenyewe ni mdogo, msafi, kila kitu kiko karibu, na mtu akikupa miadi ya saa nne anakuja saa nne. Mlima hatukuuona, Agosti umejifunika. Shule ya Moshi, niiite shule ya mijakaranda, ni ya zamani. Majengo mafupi, watoto wanacheza mpira peku, mwalimu wa hisabati yuko hapo tangu Aikande akiwa mdogo. Farasi hakuna. Bwawa lipo, lakini siku ile lilikuwa na chura.

Mwalimu wa kupokea wanafunzi wapya ni mama wa makamo, Mwalimu Josefina, mwenye miwani ya kamba. Aliyasoma makaratasi yote kimya, halafu akamuuliza Mutale kwa Kiingereza, "Wewe unataka kusoma hapa?"

"Hapana," Mutale akasema.

Nilimfinya pajani chini ya meza. Mwalimu akafunga faili, hana hasira wala nini. "Basi hatuna haraka. Siku ukitaka, njoo uniambie mwenyewe, si kwa kupitia mama."

Nje nilimgombeza kwa Kiswahili chote nilichonacho. Sikuwa na hofu sana, kwa sababu Arusha ilikuwepo. Aikande akatushauri twende kwa wazazi wake Mwika tupumzike hadi Jumapili, kisha Jumatatu alfajiri mumewe atupeleke Arusha kwenye mtihani.

Mwika

Mwika ni kupanda. Hewa inapoa, migomba inasogea barabarani pande zote mbili, na chini ya migomba kuna kahawa. Babu Elirehema, baba yake Aikande, alitupokea kwenye geti la kihamba chake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. "Shikamoo," Mutale akasema, safari hii kwa usahihi, na babu akaitikia na kumshika mkono muda mrefu. Ni mzee mwembamba, mtaratibu, na ni mwenyekiti wa mfongo.

Mfongo ni mfereji wa kienyeji uliochimbwa na mababu zao kutoka mtoni huko juu, unapita kihamba hadi kihamba ukiteremka. Maji yake yana zamu. Kila nyumba ina siku yake na saa yake, na siku ya zamu yako unafungua kingo maji yaingie kwako. Siku isiyo yako unayaacha yapite. Kiangazi kama Agosti, zamu inakuja mara moja kwa wiki. Haya yote nilikuja kuyajua Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa nimechelewa.

Mutale aliamka mapema akaenda shambani peke yake. Kwa dirisha la jikoni nilimwona ameinama mferejini, nikafurahi kwamba anacheza. Mtoto huyu tangu akiwa mdogo ukimwacha na maji na udongo anajenga. Alichokiona yeye ni kabichi za babu zimelegea kwa kiu, na hatua tatu kutoka hapo maji mengi yanapita bure. Akakata kipande cha shina la mgomba lililoanguka, akakilaza mferejini, akaziba matundu kwa majani na tope kwa ufundi ambao mwenyekiti mwenyewe aliukiri baadaye, na maji yote yakageukia kwenye kabichi. Alipomaliza akaja kunawa, akaniambia ana zawadi kwa babu.

Nusu saa baadaye mwanamke akatokea kwenye migomba ana jembe begani, miguu mitupu. Alikuwa Mama Ndeshi, jirani wa bondeni. Ile ilikuwa zamu yake. Alikuwa na miche ya maharage iliyosubiri siku saba, maji yamekatika mkononi mwake, akayafuata kwa kupanda mfereji mkavu kihamba kwa kihamba mpaka akafika yalipoishia: kwa mwenyekiti.

"Ee Ruwa," akasema, ndivyo wanavyomwita Mungu. "Baba, ni wewe?"

Babu alitoka ndani, akaona kabichi zinaelea. Sijawahi kuona mtu mzima akiaibika namna ile. Alivua kofia. Miaka yote yeye ndiye anayewaita wezi wa maji na kuwapa adhabu: anayeziba mfongo siku si yake anafanya kazi kwenye mdomo wa mfongo, kule juu mtoni, siku ya msaragambo, yaani siku wote wanapotoka kusafisha. Nyumba yake haijawahi kuitwa.

Aikande akaeleza kwamba ni mtoto, ni mgeni, hakujua. Mama Ndeshi akamtazama Mutale, uso ukalegea. "Kama ni mgeni, basi, yaishe. Mgeni hana hatia." Akageuka kwenda kuondoa lile shina la mgomba.

Nikamtafsiria Mutale kwamba ameshasamehewa. Nilidhani atapumua. Badala yake akawa mwekundu wa macho. "Kila mahali mimi ni mgeni," aliniambia kwa Kiingereza. "Shule zote nne. Hakuna hata mtu mmoja anayenikasirikia." Akamfuata Mama Ndeshi hadi mferejini, akasimama mbele yake. "Mimi niliziba," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nitafanya kazi."

Mama Ndeshi alimwangalia tena, safari hii kwa muda mrefu. "Basi msaragambo ni Jumatatu," akasema. "Saa kumi na mbili asubuhi. Na uje na jembe."

Jumatatu. Saa mbili asubuhi ya Jumatatu hiyo hiyo kulikuwa na kiti kimoja Arusha kinamsubiri.

Jumatatu

Jumapili, baada ya ibada, tuligombana nyuma ya banda la ng'ombe. Nilimwambia hatukupanda mabasi siku zote zile ili akachimbe matope. Akaniambia neno la mwisho ni lake, baba alisema. Nilijua kabisa kwamba nusu ya jambo lile ni kuukimbia mtihani, si mjinga mimi. Lakini nusu ya pili ilikuwa ya kweli, na sikuweza kuikataa moja nikaacha nyingine. Halafu nilimwona Babu Elirehema ananoa majembe mawili, moja dogo, nikaenda kumtafutia Mutale nguo za matope.

Mdomo wa mfongo uko juu sana, maji yanatoka mtoni baridi kama ya friji. Tulikuwa watu kama ishirini, wanawake kwa wanaume. Adhabu ilikuwa ya Mutale, lakini mimi mama yake ningekaa wapi? Nilifunga kanga kiunoni nikaingia. Tukatoa mawe, tope na mizizi, tukayapanga kando kujenga ukingo. Mama Ndeshi alichukua nafasi karibu na Mutale na kumwonyesha namna ya kushika jembe asijikate.

Saa tatu simu yangu ikalia. Dada wa shule ya farasi, sauti laini, akaniuliza kama tumekwama njiani.

"Hapana," nikamwambia. "Tuko mferejini."

Akaniuliza kama tunaweza kufika kabla ya saa tano. Nikamtazama Mutale, tope hadi kwenye nyusi, anavuta jiwe na wazee wawili, anahesabu kwa Kiswahili moja, mbili, tatu. Nikamwambia nafasi wampe yule mwingine. Mapazia yangu yote ya Arusha yakashuka.

Kwenye mapumziko tuligawiwa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwenye majani. Mutale alikaa na Mama Ndeshi, mimi katikati kama mkalimani. Mutale akamuuliza watoto wake wako wangapi. Wanne, wako shule. Akamuuliza baba yao mbona hakuja kuchimba.

"Yuko Dar, anafanya biashara," Mama Ndeshi akasema. "Mwaka wa kumi na moja huu. Krismasi anakuja."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Anachinja, tunakula, watoto wanavaa vizuri." Alisafisha vidole kwenye jani. "Huyu wa mwisho, mwaka jana, baba yake alipofika getini alimkaribisha kiti kama anavyomkaribisha mchungaji. Akamwambia, 'Karibu, baba, utakunywa chai?' Mume wangu alikwenda nyuma ya nyumba akalia."

Hakusema kwa kulalamika. Aliinuka akarudi kazini. Nilipomaliza kutafsiri, Mutale aliendelea kulishika lile jani lake lisilo na chakula. Halafu na yeye akarudi, akachimba hadi maji yalipofunguliwa, yakaja kahawia, kisha yakaja safi, na watu wote wakayafuata wakiteremka.

Kushuka Moshi

Jumanne asubuhi, kabla sijanywa chai, Mutale alikuwa amevaa. Akaniambia anataka kwenda kwa Mwalimu Josefina, na mimi nibaki nje.

Nilibaki nje kwa dakika arobaini. Zaidi ya hapo siwezi. Nilipoingia mwalimu alikuwa ameshampa karatasi ya hesabu na ya kuandika, na ameshazisahihisha. Hakuzunguka. Nafasi ipo kuanzia Januari, akasema, lakini si katika darasa la rika lake. Ameachwa nyuma kwa kuhama hama. Itabidi arudie mwaka.

Shoga zangu mnanijua. Nilianza kuongea, na nilikuwa na mengi: alama zake za Lusaka, siku za safari, mtoto mrefu kama huyu kukaa na wadogo. Mutale alinigusa mkono.

"Kazi ya baba iko Arusha na huku," akamwambia mwalimu. "Akiwa Arusha, anaweza kurudi Moshi jioni?"

"Wengi wanafanya hivyo. Ni mwendo wa saa mbili."

"Akafika wakati wa chakula?"

"Akitoka mapema, ndiyo."

"Basi nitarudia mwaka."

Mwalimu alivua miwani. Alimwambia asijibu leo, aende akafikiri hadi Ijumaa, maana ni jambo kubwa.

"Nimefikiri miaka miwili," Mutale akasema. "Mama alikuwa anapika chakula cha watu watatu. Kila siku kilikuwa kinabaki."

Mimi sikujua kama anaona. Nilidhani ni mazoea tu ya mkono. Niligeukia dirishani nikaitazama mijakaranda, na Mwalimu Josefina alikuwa na adabu ya kupanga karatasi zake kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mnaoniuliza Arusha au Moshi, jibu langu ni hili. Mwenye mtoto anayependa watu wapya kila mwaka, na mzazi anayetaka mji wenye kila kitu na wazazi wenzake wa kumweleza, aende Arusha, hatajuta, na farasi nitakwenda kuwaangalia mwenyewe. Sisi tumechukua nyumba Shirimatunda, nyumba ya tatu kutoka kwa Aikande.

Kumpigia baba yake tulimpigia palepale, chini ya miti ya shule. Kwa kawaida Mutale akisalimia tu ananipa simu. Safari hii aliishika mwenyewe. Nilimsikia mume wangu upande wa pili akiuliza kwa tahadhari, kama mtu aliyejiandaa kwa habari mbaya, ni shule ipi mtoto ameikataa na kwa nini.

"Tunahama wote," Mutale akamwambia.

Baba yake akamwomba arudie. Akarudia. Halafu akasikiliza, akasikiliza, akaniletea simu sikioni bila kusema kitu, maana baba yake alikuwa hawezi tena kuongea.